Haidrojeni ya Mume wa Bibi

Mafiga, Jumapili usiku

Na kosa ni langu, nilitaka kuringa. Leo nimepanda milimani Mgeta kumsalimia Bibi. Tangu nizaliwe ananiita mume wake, na swali lake ni lile lile: "Mume wangu, masomo yanaisha lini?"

Badala ya kujibu nikaanza kumweleza gesi ninayoisomea, haidrojeni isiyo na chaji. Zamani ilijaa ulimwengu mzima. Nyota za kwanza zikaivunja kwa mwanga wake. Iliyobaki imejificha ndani ya magalaksi, nayo inapungua taratibu, kwa sababu ndiyo inayozaa nyota mpya.

Bibi aliendelea kumenya njegere. "Kwa hiyo umeniacha peke yangu kwa ajili ya kitu kinachoisha."

Nikamwambia asijali, bado ipo ya mabilioni ya miaka.

"Basi hiyo haina haraka," akasema. "Mwenye haraka ni mimi."

Alisema akicheka, huku akinifungashia njegere. Mimi sikucheka sana. Msimamizi wangu amenisukuma mwaka mzima na sura ya mwisho ya tasnifu sijaigusa.

Nimefika nyumbani nikaifungua sura hiyo kabla hata ya kuvua viatu.