Sura ya Mwisho Niliiandika Mimi

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako upesi, nina furaha na hofu, maana riwaya yangu ya kwanza imekubaliwa kuchapishwa! Mimi ni binti wa mwandishi ambaye vitabu vyake vinasomwa shuleni, mtaani wanamwita Mzee Kalamu, wanamsifu, ila hawajui kwamba nyumbani chupa ilitangulia na sisi watoto tulifuata, na tangu nina miaka kumi na miwili mimi ndiye niliyempigia chapa kazi zake, yeye anazunguka chumba akitamka, mimi niko kwenye mashine, akilewa anatamka upuuzi nami nanyoosha sentensi kimyakimya, mama ananinong'oneza, "Nyoosha tu mwanangu, tusiaibike."

Basi nikiwa na miaka kumi na sita, mchapishaji akamtuma mtu aje kuchukua kitabu, yuko sebuleni anakunywa chai, baba yuko sakafuni anakoroma, na sura ya mwisho haina hata mstari! Nikajifungia, nikaiandika mwenyewe kwa saa tatu, nikaichomeka nyuma, ikaenda. Shangazi, ndicho kitabu kilichompa tuzo! Sura hiyohiyo ndiyo inayowaliza watu! Baba hakuniuliza kitu, nami sikusema, na kila akialikwa kusoma hadharani, akifika hapo hunikabidhi kitabu, husema macho yamechoka, nasoma mimi, anapigiwa makofi yeye.

Jana mhariri kanipigia: "Dada, kazi yako ni moto! Ila mbona unamwiga mzee? Hasa ile sura yake ya mwisho. Rekebisha hapo kabla ya Jumatatu, tuchape." Nilicheka mpaka nikalia. Nikirekebisha, najifuta mwenyewe. Nikisema ukweli, baba ana miezi saba hajaonja pombe, naogopa nitamrudisha huko kwa mkono wangu. Nifanyeje?

Mpiga Chapa

Mpiga Chapa mwanangu,

Hongera! Nimepiga kigelegele humu ofisini mpaka karani akachungulia mlangoni. Sasa kaa nikuseme.

Pole kwa utoto ule. Mtoto hapaswi kumlea baba yake. Lakini wewe umesoma vitabu vyote vya mzee, mzee mwenyewe hujamsoma! Macho gani hayo yanayochoka kila mara kwenye ukurasa uleule? Mwandishi asijue neno ambalo hakuliandika? Anajua, binti, na amejua siku zote. Anakupa kitabu mbele za watu kwa sababu kusema kumemshinda. Na usidhani hilo linatosha, kwani makofi kayabeba yeye.

Usibadilishe hata nukta. Kesho asubuhi, akishakunywa chai, mama akiwa karibu, mpelekee kile kitabu chake cha tuzo umwambie, "Baba, leo nisomee wewe sura ya mwisho." Kisha funga mdomo. Akikwama, usimnyooshee sentensi, kazi hiyo umeacha. Akitetemeka, mshike mkono, na kama ana mtu anayemsaidia kuacha pombe, mwende kwake wote siku hiyohiyo. Lakini pombe ni yake, wewe hukumnywesha, na hutamlinda kwa kujizika ukiwa hai.

Jumatatu uwe kwa mhariri mlango unapofunguliwa. Mwambie hukumwiga mtu, umweleze mwanzo mpaka mwisho, na kama mzee atakubali kwenda nawe, mwache aseme yeye kwanza. Akikusukumia kitabu tena akitaka umsaidie, mrudishie kwa heshima zote. Mwambie safari hii macho yaliyochoka ni yako.