Ameacha, Anaacha

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya pili Mama hajagusa chupa. Baada ya miaka kumi na moja! Kaamua mwenyewe, kwa hasira, alipoanguka mbele ya wajukuu. Daktari wa zahanati hakufurahi. Kasema mwili uliozoea hivyo haunyimwi pombe ghafla nyumbani, anaweza kupata degedege, hata kufa. Alazwe wodi ya kuondoa sumu, siku kumi, serikali inalipa kupitia mfuko wa afya. Tulipe wenyewe? Tusidanganyane. Nimejaza fomu pale pale. Hali ya mgonjwa kwa sasa: Ameacha pombe. Kwa mwandiko wangu wa ubaoni, kifua mbele.

Jumatano, 5 Juni

Wamekataa. Karani wa mfuko, mama mpole mwenye miwani, kanionyesha kwa ncha ya kalamu.

"Dada, mfuko unalipia anayeacha. Huyu wako ameacha."

Kwa hiyo anastahili ushauri nasaha tu, kila Jumanne. Mimi! Mwalimu wa lugha, ninayewapigia watoto kelele kila siku juu ya -na- na -me-. Nikaomba nifute. Haifutiki, imeshaingia kwenye kompyuta. Naweza kuomba upya, ila mgonjwa apimwe mlangoni kwao: apulize kifaa, pombe ionekane. Kitanda kimoja kipo Ijumaa saa tatu. Kingine mpaka Septemba. Karani akanitazama kwa huruma, akarudia polepole: ionekane. Nilimwelewa. Nikamchukia.

Alhamisi, 6 Juni

Mama hawezi kushika kijiko. Jasho — shuka zimelowa. Anafukuza mchwa ukutani, na mchwa hawapo. Daktari kasema hawezi kuandika pombe isiyokuwepo. Hospitali kubwa tumekalia benchi tangu asubuhi, wakatupa vidonge vya usingizi na kuturudisha: hilo ni suala la mfuko. Mdogo wangu kwenye simu: kidogo tu, dada, ya kipimo. Nikamkatia. Najifanya mtakatifu! Nami nimeliwaza hilo hilo tangu jana.

Ijumaa, 7 Juni

Saa moja asubuhi. Nimenunua. Muuzaji kanifungia kwenye gazeti, kaniamkia "shikamoo mwalimu". Nimetamani ardhi ipasuke.

Mama aliitazama chupa, kisha mimi. Nikamweleza yote: fomu, kifaa, kitanda. Nilikuwa nalia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Haya, mwanangu. Lakini ukinipa ya kwanza, usije ukaninyima ya pili."

Nikamwahidi. Ningesema nini? Nilimshikia glasi kwa mikono miwili, nikamfuta kidevu.

Saa mbili kasorobo. Ameshakunywa ya pili. Kutetemeka kumekwisha. Kajifunga kitenge vizuri, kaniuliza kama watoto wamekunywa chai. Mama yangu kabisa, yule wa zamani! Teksi imefika, inapiga honi. Nimeshika mkoba wake mlangoni. Anacheka, anasema yeye mzima, haendi hospitali yoyote, nimmiminie —