Risasi Nzima Begani mwa Juniper

Wessel, 11 Septemba

Kwako kaka Doyle,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi ni mzima. Baba naye ni mzima isipokuwa goti, ambalo linamsumbua akipanda pikapu na ambalo bado hataki lipimwe. Natumaini wewe, Sherrill na mapacha hamjambo huko Billings, na kwamba kazi ya kuuza bunduki inakwenda. Mvua tumepata kidogo. Nyasi za kilima cha kaskazini zimekwisha. Kindi wa mashimo wamezila mpaka mizizi.

Nina habari moja mpya, na naiweka mbele ili usihangaike kuitafuta. Jana asubuhi daktari wa mifugo, Colleen Haugen, aliniambia kwamba risasi aliyoitoa begani mwa farasi Juniper mwezi Mei ilitoka nzima. Haikupasuka. Imebonyea upande mmoja, kama kitu kilichogonga ardhi ngumu kabla ya kufika kwenye nyama. Aliitia kwenye kichupa cha dawa na kuisahau kabatini, mpaka bodi ya malisho ilipomwandikia juzi kumwomba taarifa yake. Aliniruhusu kuiweka kwenye mizani. Ni risasi ndefu, na nzito karibu mara mbili ya zile tunazotumia hapa.

Wewe unajua maana yake, kwa kuwa ndiyo kazi yako. Hata hivyo nitakueleza hatua kwa hatua, kama ninavyowaeleza wasomaji wa gazeti, kwa sababu safari hii na wewe ni mmoja wao.

Mambo yalianza Februari, mtutu wa bunduki ya zamani ya Baba ulipochakaa ikabidi achague nyingine. Alizunguka madukani mpaka mwisho wa majira ya baridi. Mwisho zikabaki mbili: Maddox, ambayo ndiyo unayouza wewe, na Sarvi ya Kifini, ambayo ndiyo aliyonayo jirani yetu Emil Tvedt. Emil alimpa yake akaijaribu kwa siku mbili. Baba akarudi akisema komeo lake la kuingizia risasi linateleza kama limepakwa mafuta ya nguruwe, na kwamba kwa miaka aliyobakiza hataki tena kushindana na chuma. Nilikuwa jikoni ulipompigia simu. Uliongea kwa sauti hata mimi nikasikia. Ulimwambia, "Mzee, jina langu liko kwenye kadi ya Maddox. Ukionekana na Sarvi, watu wataniambia nini?" Baba akakujibu kwamba yeye hapigi kindi kwa kadi. Kesho yake akaagiza Sarvi.

Ukaja Mei na Maddox ndani ya boksi, zawadi, na uso wa mtu aliyetukanwa.

Ile Jumamosi ya Mei hakuna asiyeijua hapa. Tangu babu yetu, watu wa kwetu na watu wa Tvedt wanapiga kindi pamoja kwenye kilima cha kaskazini. Kila mpigaji ana mtu wa darubini, anayekaa kushoto kwake na kutaja anachokiona: umepata, umekosa, kulia, kushoto, juu, chini. Mtu wa darubini hanyamazi na hadanganyi, hata kama mpigaji ni mtoto wake. Siku hiyo darubini ya Emil aliishika binti yake. Darubini yako aliishika Baba.

Upepo ulikuwa mkali. Sisi wengine tulikuwa na risasi nyepesi, zinazopasuka zikigusa udongo, kwa sababu ng'ombe na farasi hulisha nyuma ya kilima na hakuna anayetaka risasi irukie huko. Risasi nyepesi husukumwa na upepo, kwa hiyo tulikuwa tunakosa. Wewe peke yako hukukosa, ila mara moja. Nakumbuka Emil alikupigia kelele kutoka meza yake ya kupigia, "Doyle, unawalisha nini hao?" Nawe ukamjibu, "Nawalisha Maddox, mzee. Hilo bomba lako la Kifini nenda ukamwagilie maharage." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Emil mwenyewe alicheka, akasema maharage yake angalau hayahitaji wakala wa mauzo.

Jioni Baba alimkuta Juniper nyuma ya kilima amesimama kwa miguu mitatu. Colleen alikuja na kufanya aliloweza. Kulipokucha farasi alikuwa amekufa. Wewe ulikuwa umekwishasema, mbele ya Baba na mbele yangu, kwamba uliiona Sarvi ya Emil imeelekezwa kaskazini bila tuta la kuzuia risasi na kwamba bunduki laini kama ile humfanya mzee ajisahau. Uliongeza kwamba kwa bahati nzuri Baba hajaichukua yake dukani.  Jumatatu Baba alifuta oda ya Sarvi, akatundika Maddox yako ukutani, na mwezi uliofuata akatia sahihi malalamiko kwa bodi ya malisho, akitaka Emil aondolewe kwenye malisho ya pamoja kwa uzembe wa silaha.

Nadhani hukuuliza hilo lina maana gani kwa Emil. Hana nyasi nyingine. Akiondolewa, atauza ng'ombe wote kabla ya theluji, na mtu wa umri wake akiuza kundi hajengi jingine. Tangu Juni hanywi tena kahawa mjini. Wanaume wanaomjua tangu shule wanamwuliza kutoka madirisha ya pikapu zao kama leo amempiga farasi au ng'ombe.

Jana mchana nilikwenda kwake na boksi la risasi nzito, lile uliloliacha kwenye droo ya jikoni. Hakunisalimu. Aliuliza nimekuja kwa ajili ya gazeti au kwa ajili ya baba yangu. Nikasema gazeti. "Basi pita," akasema. "Ungekuja kwa baba yako ningefungua mbwa." Afisa wa sherifu alikuwa amefika kabla yangu, kwa kuwa nilimwomba awepo. Tuliweka karatasi ya shabaha mbele ya tuta la udongo, Emil akaweka risasi zako kwenye Sarvi yake, akapiga.

Unajua kilichotokea. Mifereji ya ndani ya mtutu wa Sarvi ile imesokotwa taratibu, imetengenezewa risasi fupi na nyepesi. Haiwezi kuzungusha risasi ndefu ikatulia. Matundu kwenye karatasi yalikuwa marefu, risasi zimepita kwa ubavu. Nyingine haikugusa karatasi kabisa. Emil alitazama kwa darubini yake akasema kwa vitu hivi angeweza kumpiga Juniper labda kama angemfunga kwenye nguzo ya kibaraza. Kisha akachimbua moja kwenye tuta kwa kisu. Tuliilaza karibu na ile ya Colleen na kuziangalia kwa kioo cha kukuzia. Alama za mtutu wa Sarvi zimesimama karibu wima. Alama za ile iliyotoka kwa Juniper zimeinama sana, msokoto wa kasi. Afisa amezichukua zote mbili. Mtutu wenye msokoto wa namna hiyo pale kilimani ulikuwa mmoja, wa Maddox, na ulikuwa mikononi mwako.

Sikuandikii kwa sababu ya risasi iliyorukia upande usiotarajiwa. Hilo lingeweza kumpata yeyote. Nakuandikia kwa sababu ulipakia risasi nzito ili ushinde upepo na uishinde Sarvi, hukumwambia mtu, na farasi alipokufa ukamtaja mtu mwingine kwa jina.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo sikulitegemea. Jana jioni nilimpelekea Baba ile karatasi ya shabaha. Alikuwa anakula. Niliitandaza pembeni ya sahani yake, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Hakuvaa hata miwani. Aliisukuma kando na kusema alijua tangu siku ile.

Alisema kupitia darubini aliona risasi yako moja ikigonga ule udongo mweupe mgumu, na vumbi likanyooka kama mstari badala ya kutawanyika. Kisha akaisikia ikilia kupita juu ya kilima. Risasi nyepesi hailii, inakufa hapo hapo. Alikutajia, "Kulia, umekosa," akaishia hapo. Nilimwuliza kwa nini basi alitia sahihi. Alisema, "Emil ana watoto wanne, na wote wako hapa hapa. Mimi wa kiume ninaye mmoja, na anakuja mara moja kwa mwaka." Nikamwuliza mimi ni nani. Akasema mimi ni gazeti.

Basi gazeti limeandika. Habari iko tayari. Ina jina lako, jina la Baba, maneno ya Colleen na ya afisa wa sherifu, na mstari unaosema mwandishi ni dada na binti wa watajwa. Mhariri ameisoma na kuipitisha. Emil hajaiona na hataiona kabla ya wengine. Baba ameambiwa kila kilichomo. Hakuniomba niondoe kitu, wala sijui kama atakwenda kwenye bodi kuyafuta malalamiko kwa mdomo wake. Aliniomba jambo moja tu, nikwambie kwamba ameishusha Maddox ukutani, iko ndani ya boksi lake, uje uichukue.

Kwa utaratibu wa kazi, nakuomba kauli yako. Ukisema ulipakia nini na uliona nini, nitaandika hivyo, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Usiposema, nitaandika kwamba ulitafutwa na hukusema. Simu ya ofisi unayo. Tunafunga kurasa Jumatano saa sita mchana, na gazeti linatoka Alhamisi.

Msalimie Sherrill. Waambie mapacha tandiko la Juniper bado ni lao, liko ghalani mahali pake. Baba hakutuma salamu, na sitamtungia.

Bodi inakaa Jumanne tarehe 23, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa maktaba. Emil ataitwa wa kwanza.

Dada yako,
Verna Amdahl