Mkono wa Biira

Bwera, kupitia Kasese
27 Mei 1979

Mjukuu wangu mpendwa Aryemo,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Hujambo? Ile homa uliyoniandikia imekwisha? Mimi mwili unazeeka, lakini ugali wa muhogo bado unapita, kwa hiyo sina la kulalamika. Bibi yako naye mzima.

Barua yako niliipata kwa mkono wa dereva wa lori la chumvi. Unasema unataka kuacha shule ya uuguzi kwa sababu vidonda unavyoshona vinafumuka, na wenzako wanakucheka. Kabla hujafunga sanduku, soma kwanza yaliyompata mama yako mdogo Biira mwezi uliopita.

Wewe unamjua kama mfagizi wa zahanati. Lakini kwa miaka mitatu mganga wetu alimwonyesha kushona vidonda, naye akafanya mazoezi nyumbani. Kosa la kwanza lilikuwa langu: nilimpa shina la mgomba. Shina la mgomba halivutani wala halitoi damu, kila mshono unapendeza. Aliposhona mguu wa mtu, uzi ukakata nyama. Ndipo akaanza kwenda kila Jumamosi kwa Twaibu mchinjaji, akapewa ngozi ya shingo ya mbuzi ingali na joto. Twaibu alimtania, "Wee Biira, ukimshona sawasawa huyu atasimama arudi malishoni, na mimi nitauza nini?" Biira akashona, akafumua, akashona tena.

Sasa sikiliza. Wanajeshi walioshindwa vita walipita hapa wakikimbilia mpaka wa Mpondwe. Danieri mwenye duka walimpiga nondo mpaka kichwa kikapasuka. Ng'ombe walipigwa risasi wakiwa wamefungwa kambani. Watu nao walijificha kwenye migomba wakiwa na mapanga, na askari mmoja akakatwa kutoka bega hadi kifuani. Wenzake walimbeba hadi zahanati. Mganga alikuwa amekimbilia mlimani. Walitukuta mimi na Biira.

"Dokta iko wapi?"

"Amekimbia, afande."

"Basi shona wewe. Huyu akikufa, na wewe nakufa."

Mimi nilishika beseni. Mtutu ulikuwa kisogoni mwa mwanangu. Majeruhi alirusha mateke, damu ikamrukia Biira machoni, na yule mwenye bunduki akapiga risasi ukutani ili amharakishe. Beseni likanidondoka. Mkono wa Biira haukusita. Baadaye aliniambia kwamba akili yake ilikuwa imekimbia pamoja na mganga, ukabaki mkono tu. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya mazoezi, mjukuu wangu. Hayaondoi hofu. Yanaufundisha mkono ufanye kazi hofu ikiwepo.

Damu ilikoma. Usidhani walimshukuru. Yule mwenye bunduki alimpiga mdomoni kwa kitako cha bunduki, eti amewachelewesha, na mdomo wa juu ukapasuka hadi puani. Wakamchukua mtu wao wakaenda. Biira alijifunga kitambaa, akaagiza Danieri aletwe, akamshona kichwa huku damu yake mwenyewe ikidondokea vidoleni. Danieri yu hai leo.

Lakini mdomo wa Biira haukuwa na wa kuushona. Nilijaribu mimi, mzee mwenye vyeti vya ualimu ukutani. Sindano ilikwenda kombo mpaka akanishika kifundo cha mkono. "Baba, weka chini. Utanitoboa jicho."

Mganga alirudi siku ya tisa, na kidonda kilikuwa kimeshaungana kikiwa kimepinda. Sasa Biira anakunywa maji kwa kuinamisha kichwa, na watoto wanamkimbia.

Kwa hiyo kesho asubuhi rudi kwenye sindano. Mshono ukifumuka, tazama ulipovuta mno, uanze upya. Anayecheka mwache acheke. Bwera nzima ilikuwa na mkono mmoja tu unaojua kushona, na mkono huo haukuweza kujishona usoni. Nakuomba uwe wa pili.

Msalimie baba yako Oryem, mama yako, na mdogo wako Lamunu. Bibi yako na mjomba wako Nzanzu wanakukumbuka. Biira hakutuma neno. Alikuja akasimama nyuma yangu, akaisoma barua hii yote, akaniambia niifunge.

Mungu akutulize moyo na akutie nguvu vidoleni.

Ni mimi babu yako, nikupendaye siku zote,
Zedekiah