Kaka yako na turubai

Wifi, kaka yako nusura anipasue kichwa kwa nyundo. Nyundo, wifi!

Nilifunga turubai juu ya karakana yake ya kuchomelea, maana kipimajoto kilionyesha nyuzi arobaini na tatu. Nikasema dunia inazidi kuwaka, tujikinge. Wenzake wakaangua kicheko: "Bwana, siku hizi mkeo ndiye anakuchagulia kivuli?"

Hapo akapagawa. Akalichana turubai kwa kisu, akakiponda kipimajoto. "Mabadiliko ya tabianchi ni hadithi za wanaume laini! Jua ni lilelile la babu yangu!" Nilipofungua mdomo tu, nyundo ikanipita sikioni, ikapasua pipa la maji.

Akavaa koti lake la ngozi, akaenda kuchomelea geti juani. Nusu saa haikufika, akaanguka puu, mkono juu ya chuma cha moto. Wenzake wamesimama wanatazama! Nikamvuta mimi, nikammwagia maji yaliyobaki kwenye lile pipa, nikamzaba makofi mawili mpaka akafumbua macho.

Unajua neno lake la kwanza? "Umeniaibisha mbele ya wanaume."

Sasa mama yenu anataka nimwombe kaka yako radhi kwa kumzaba. Makofi yale yamemrudisha duniani, wifi. Siombi. Mwambie mama, siombi.