Nimemaliza Nyumba ya Geti Moja

Jumanne, 10 Juni 2025

Imeisha. "Nyumba ya Geti Moja", simulizi ninayoisoma kwenye grupu la WhatsApp, imeisha leo mchana, nikiwa nimekaa juu ya mifuko ya mbolea nyuma ya duka, ubwabwa umepoa mapajani. Msimu wa nne, sehemu ya mwisho. Nilidhani nitalia. Sikulia. Niliangalia kioo cha simu mpaka kikazima chenyewe.

Nipange kwanza, maana kichwani kumevurugika.

Nasra alitekwa njiani akienda kufanya mtihani. Damiani akamfungia kwenye nyumba yake ya mlimani – geti moja, ukuta mrefu. Huo msimu wa kwanza. Nilimchukia yule mwanaume. Msimu wa pili akapigwa risasi, Nasra akamuuguza, akamkuta analia usingizini kama mtoto. Hapo nikaanza kumhurumia. Msimu wa tatu Nasra akatoroka, akafika kwao. Damiani akamfuata, akapiga magoti mbele ya baba mtu. Wakarudi pamoja. Akampa ufunguo wa geti, akamwambia: siku ukinichoka, ondoka. Siku ile nililia hapahapa dukani mpaka mteja wa dawa za kuku akaniuliza nimefiwa na nani.

Sasa leo. Tangu siku ile Nasra anauvaa ufunguo shingoni. Hajawahi kuujaribu. Mtu akishakuwa na ufunguo anatafuta nini getini? Leo kaletewa habari mama yake mgonjwa, Damiani hayupo, Nasra anakwenda getini, anauchomeka. Hauzunguki. Haukuwahi kuwa wa geti lile. Magoti yale, machozi yale – mpango mtupu.

Nikasema haya, sasa ataruka ukuta. Nikasogeza maandishi chini kusoma haraka. Anaurudisha ufunguo shingoni. Anaingia jikoni. Anabandika wali, kwa sababu Damiani atarudi na njaa. MWISHO.

Na chini yake Mtunzi ameweka mioyo mitatu myekundu na maneno: Mapenzi ya kweli hayahitaji geti kufunguka.

Mtunzi! Mimi nimekusubiri kila wiki kama anayesubiri mvua za vuli. Simchukii Damiani. Damiani alikuwa Damiani tangu mwanzo. Nakuchukia wewe uliyenifanya nimlilie.

Jumatano, 11 Juni 2025

Grupu la WhatsApp limewaka. Mmoja wa Segera anasema ugali umemuungulia kwa hasira. Mwingine anauliza kama Mtunzi amelogwa na mume wake. Lakini kilichoniuma zaidi ni wale waliofurahi. Wengi! "Jamani Damiani wangu." "Mwanaume anayejua kupenda ndiye huyo." Nikaandika maneno mawili tu, kwamba ule ufunguo ulikuwa uongo. Nikajibiwa na mdada wa Mombo kwamba mimi bila shaka sijaolewa.

Kweli sijaolewa. Inahusu nini?

Mchana admin amefunga grupu, hakuna anayeandika isipokuwa yeye. Katuwekea tangazo la simulizi mpya.

Husna alinikuta nimenuna. Husna ndiye tunayeuza naye kwenye duka hili la pembejeo, amerudi juzi kutoka kwao kula Idi. Yeye aliachia njiani, mwisho wa msimu wa kwanza kabisa. Alisema mwanaume anayekuteka hana msimu wa pili. Leo nilipomsimulia mwisho wala hakushangaa. Akaendelea kupanga pakiti za mbegu. Akasema wewe Grasiana ungeletewa Damiani ungemtandikia mkeka, na mto juu.

Nikacheka.

Sijamwambia habari za Loyce.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Loyce. Niandike hili, silali vizuri.

Mdogo wangu ameolewa Misima, upande wa Handeni. Ana simu ya kitochi, haifungui WhatsApp. Kwa hiyo tangu msimu wa kwanza mimi namsomea. Ijumaa nikifunga duka nampigia, namsomea sehemu zote za wiki, yeye anachambua mboga anasikiliza. Anapenda nibadilishe sauti. Damiani namfanya mzito, Nasra namfanya mwembamba. Anacheka. Ndiyo kazi yetu ya kila wiki mimi na yeye.

Mwezi wa tatu, Ijumaa moja, hakupokea. Jumapili yake mama akanipigia kutoka Magoma: Loyce yuko nyumbani, kaja na bodaboda, jicho limefunga. Benedicto, mumewe. Si mara ya kwanza. Na alikuwa amemnyang'anya simu.

Wakamfuata kwa taratibu zote. Benedicto, mjomba wake mzee Semboja, na shangazi mtu. Walikuja na doti ya kanga na maneno mazuri. Benedicto akapiga magoti kwenye sakafu ya mama, akatoa simu ya Loyce mfukoni, akamrudishia mbele ya watu wote. Mzee Semboja akasema mmeona wenyewe, mkwe wenu amejirudi.

Baba angekuwepo angesema yeye. Mama akasema: Dada yake aseme, ndiye aliyesoma.

Watu wote wakanigeukia. Na mimi nilisema nini? Nilisema mtu aliyepiga magoti mbele za watu hawezi kuwa yuleyule. Arudi.

Hayo hayakuwa maneno yangu. Ni maneno ya baba yake Nasra, msimu wa tatu. Nilikuwa nimeyasoma wiki ileile! Niliyasema kwa sauti nzito kabisa, wazee wakatikisa vichwa, wakasema binti ana hekima. Loyce aliniangalia. Naye aliyajua maneno yale, nilimsomea mwenyewe palepale Magoma. Akachukua begi lake.

Nilisoma miaka minne mpaka kidato cha nne. Nikatoa ushauri kutoka kwenye simu.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Siku ya kusoma. Nilipiga saa kumi na mbili kasoro. Nikasema Mtunzi hajaweka kitu wiki hii, anaumwa malaria. Uongo.

Loyce akasema pole yake. Kisha sauti ya Benedicto, karibu kabisa: "Shemeji, mwambie Mtunzi anywe dawa, sisi huku tunamsubiri Damiani."

Kumbe anasikiliza. Nikamuuliza Loyce tangu lini. Akajibu Benedicto, kwamba tangu warudiane wanasikiliza wote wawili, wanaweka spika, ndiyo starehe yao. Akanitania kwamba mimi nasoma vizuri kuliko redio, ila nimpe Damiani sauti ya kiume kidogo, namfanya kama padri.

Tukacheka watatu. Nilipokata simu nikakaa kitandani nikarudi nyuma, mwezi kwa mwezi. Tangu Loyce arudi Misima sijawahi kuongea naye bila spika. Hata mara moja. Nilikuwa nasikia mwangwi nikidhani ni ubovu wa kitochi.

Jumapili, 15 Juni 2025

Magoma. Nilikwenda baada ya ibada ya kwanza. Mguu wa mama umevimba tena, anatembea kwa fimbo. Nikamchotea maji, nikachuma mboga, tukakaa jikoni.

Nikamuuliza Loyce amekuja kumwona lini. Akasema tangu achukuliwe hajaja. Mwezi wa nne alisema atakuja, mtoto wa jirani akaugua. Mwezi wa tano alisema atakuja, palizi. Mama akasema Loyce siku hizi ametulia, ana mji wake, ndivyo tulivyotaka.

Nikamwambia mama nadhani nilikosea siku ile ya kikao. Akaacha kupuliza moto. Akasema tulikosea wote, kwa nini unataka kulichukua peke yako? Kisha akasema kwa Kishambaa kwamba mtoto wa mtu huwezi kumng'oa kama muhogo, lazima atake mwenyewe kutoka.

Nikampigia Loyce palepale. Nikasema mama mguu umevimba, njoo Jumatano umwone. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayesoma ubaoni: "Ngoja nimuulize Ben." Na Ben alikuwa pale pale, kwa sababu alijibu kabla ya kuulizwa. Akasema poleni sana, msalimie mama, wiki hii mahindi yanahitaji mtu, ila nauli ipo, Loyce ana uhuru wake, siku yoyote akitaka.

Siku yoyote akitaka.

Mama aliniangalia usoni akaniuliza mbona nimebadilika rangi. Mama hajui Nasra wala Damiani. Ningeanzia wapi?

Jumatatu, 16 Juni 2025

Nimemwambia Husna yote. Nilitegemea anicheke. Hakucheka. Akafunga droo, akauliza mwisho wa hadithi Loyce ameshausikia? Nikasema bado.

Tumejadili mpaka wateja wakatukasirikia. Nikimsomea kama ulivyo: Nasra anarudi jikoni, Benedicto anasikiliza, anafurahi, na mdogo wangu anaambiwa kwa sauti yangu kwamba ndivyo inavyotakiwa. Kwa sauti yangu tena! Nikiubadilisha, Nasra aruke ukuta: Benedicto naye anasikia. Nitakata simu, nitalala hapa Korogwe. Loyce atalala naye.

Husna alisema usisome kabisa. Lakini nisiposoma simu yetu ya wiki inakufa, na ndiyo pekee iliyobaki.

Jumanne, 17 Juni 2025

Wamepiga wao. Sikuwa nimejipanga.

Saa kumi na moja jioni, nahesabu chupa za dawa ya viwavi, simu ya Loyce inaita. Ni Benedicto. Anasema amekutana na mwalimu mmoja pale Misima ambaye mke wake yumo kwenye grupu, kamwambia hadithi imeisha wiki iliyopita. Aliongea kwa utani. "Shemeji unatuficha? Soma basi. Mdogo wako huyu hapa, jembe kaweka chini."

Nikasema Loyce, upo? Akasema nipo dada.

Husna akateremsha mlango wa duka nusu, akasimama karibu yangu.

Nikaanza. Sauti zangu zote zilikataa, nikasoma kwa sauti moja tu, yangu. Habari za mama yake mgonjwa. Damiani kasafiri. Nasra anavuka uwanja. Benedicto akasema kwa mbali aah, huyu sasa anakwenda wapi. Nikasoma Nasra anavua mkufu. Anauchomeka ufunguo. Hauzunguki. Anautoa, anaupangusa kwa kanga, anauchomeka tena. Hauzunguki. Haukuwahi kuwa wa geti lile.

Nikaishia hapo. Mstari uliofuata ulikuwa mbele ya macho yangu, anaurudisha shingoni. Mdomo ulikataa kuusema. Na kutunga mwingine sikuweza. Niliona jicho lile lililofunga.

Kule nilisikia kuku.

Benedicto akacheka kidogo. "Jamaa ana akili. Endelea shemeji, anafanyaje?"

Halafu Loyce akasema. Hakupandisha sauti, lakini haikuwa ile ya kusoma ubaoni. Ilikuwa sauti yake ya zamani, ya Magoma.

"Usimalizie, dada. Mwisho nitakuja kuusikia huko kwako. Kesho."

Nikasikia Benedicto anauliza kesho ipi. Kitu kikaanguka, sufuria au simu yenyewe, sijui. Ikakatika.

Nimepiga, haipatikani. Husna kampigia kaka yake anayeendesha bodaboda Handeni, kasema kuna balozi wa nyumba kumi anayemfahamu Misima, atampigia apite pale kuuliza jambo lolote, hata chumvi. Baadaye akatujibu: balozi kapita, kawakuta wote wawili barazani, wamemkaribisha chai. Loyce hakusema neno.

Jumatano, 18 Juni 2025

Naandika nikiwa stendi, kwenye benchi la muuza machungwa. Nimemwachia Husna duka.

Asubuhi Benedicto kanitumia ujumbe. Shemeji salama, Loyce kaenda shamba mapema, simu yake haina chaji, tusiwe na wasiwasi. Nimeusoma mara nyingi. Inawezekana ni kweli. Mtu mwenye mahindi huenda shamba. Nimempigia balozi, yuko mkutanoni kata, anasema hajapita leo.

Nilitaka nipande gari niende Misima. Mguu ulikuwa mlangoni, konda kashika begi langu. Halafu nikafikiri: kama ametoka? Tutapishana barabarani. Atashuka hapa hana simu, hana wa kumuuliza, atanikosa. Atadhani nimemdanganya mara ya pili, kama siku ya kikao. Nikashuka. Konda akanitukana, akasema dada amua moja, unasafiri au unasindikiza.

Na kama hajatoka, mimi nimekaa hapa nakula machungwa.

Gari la kwanza kutoka Handeni limeingia. Wameshuka mama mwenye kuku, wanafunzi wawili, mzee wa kofia. Nimemuuliza dereva kama Misima amepakia dada mweusi mwembamba. Kasema Misima alipakia watu, hakuangalia sura.

Nimeifuta ile sehemu ya mwisho kwenye simu. Nikamkumbuka mdada wa Mombo na wenzake wote waliomshangilia Damiani, nikatoka na kwenye grupu. Akija akaniuliza Nasra alifanyaje, nitamwambia sijui.

Mama kapiga. Anauliza Loyce anakuja na gari gani, abandike chakula. Sijui nani kamwambia. Nimesema abandike.

Gari la pili linakata kona pale kwenye mzani wa mahindi. Watu wamesimama mlangoni, sioni vizuri. Kuna mtu kajifunga kanga kichwani, kainama, kama anatafuta kitu chini, au kama anaficha uso. Gari halijasimama bado. Naacha kuandika, nakwenda mlangoni.