Mierebi ya Jirani Haikuvunja Mfereji

Mama Ruan mpendwa, naomba unisaidie, nakuandikia huku nacheka peke yangu kama mwehu, maana binti yangu Yulan anaolewa tukishavuna ngano, na anaolewa na mwana wa jirani yangu Hou Changgui, ambaye tulinuniana miaka minne, na kosa ni langu. Mimi ndiye mtunza mfereji, na mabamba ya zege yalipoanza kupasuka na kuinuka nilimwambia Hou mbele ya kijiji kizima, “Mizizi ya mierebi yako inatubomolea mfereji,” naye akaikata yote tisa, miti aliyoipanda marehemu baba yake, na mfereji ukaendelea kupasuka vilevile, nami nikanyamaza. Juzi tumefukua ili tukarabati, hatukuona hata mzizi mmoja, tuliona udongo uliojaa vipande vya barafu, na fundi akaniuliza, “Mzee Qiao, maji ya vuli, ya kumwagilia kabla ya baridi, huwa unayafunga lini?” nikajua nimekwisha, maana huwa nachelewa, udongo unayanywa, baridi inaugandisha, unavimba na kuinua zege. Hou hajui. Jana kanimiminia pombe, kaniita mkwe, kasema, “Ya zamani tuyazike.” Nikisema, si nitaharibu arusi? Nisiposema, nitakaaje naye meza moja arusini nile nyama ya kondoo?

Qiao Delin

Mzee Qiao, hongera kwa arusi. Sasa kaa nikuseme. Mizizi huvunja mifereji, kweli, na chumvi ya ardhini hula zege, na mafundi wanaolipua kazi nao wamo. Ndiyo maana mtunza mfereji hufukua kwanza, akasema baadaye. Wewe ulitangulia kusema, mwenzako akashika shoka. Na hayo anayotaka kuyazika hajayaona hata uso.

Nenda kwake asubuhi, hujanywa, bila chupa mkononi. Mwambie, “Miti yako haikuwa na kosa. Kosa ni langu.” Kisha funga mdomo, hata akikutukana. Arusi haitavunjika: mtu aliyekata miti ya marehemu baba yake ili wenzake wapate maji hatawanyima watoto furaha yao. Ulimshtaki hadharani, basi mtakase hadharani. Na mfereji, ng’oeni mabamba, tandazeni changarawe chini maji yapate pa kutokea, na lango lifungwe kabla ardhi haijaganda.

Jibu hili nimekutumia kwa posta. Gazetini litatoka wiki ijayo, na kijijini kwenu wananisoma wengi. Una siku saba.